Nilivyoua kompyuta ya ma'mdogo kwa kuiapdeti draiva

Ma'mdogo ana steshenari Morogoro, kachumba kamoja tu karibu na shule mbili, na mle ndani kuna vitu vitatu vinavyomlisha: mashine ya fotokopi, printa ya HP LaserJet 1020 ambayo plastiki yake ilishageuka njano zamani, na Dell OptiPlex yenye prosesa ya i5-2400 niliyomnunulia Kariakoo ikiwa imeshatumika ofisini huko Ulaya. Prosesa hiyo ilitoka 2011. Yaani ile kompyuta ilikuwa na umri wa mtoto wa sekondari, na miaka yote aliyokaa nayo haikuwahi kumsumbua, mpaka siku niliyokwenda kuisaidia.

Ilikuwa Novemba 2024. Nimepanda treni ya SGR asubuhi, nimefika, shikamoo, marahaba, chai na chapati, halafu kwa kuwa mi ndo mtu wa kompyuta wa ukoo nikakaa mbele ya mashine nikaanza kuchungulia, na hakuna mtu aliyeniomba. Nikafungua Device Manager, ile orodha ya Windows ya vifaa vyote vya mashine, nikawa naangalia tarehe za draiva, yaani zile programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuongea na kila kifaa, moja baada ya nyingine, nikakuta 2012, 2013, nyingi zimeandikwa 2006, na kuna zilizoandikwa 1968. Nikacheka peke yangu. Hii mashine inaishije? Nikatafuta ile aina ya programu inayojigamba kukuletea draiva zote kwa mpigo, ikaskani, ikanipa orodha ndefu imejaa alama nyekundu, na chini yake kitufe kikubwa cha kijani. Nikakibonyeza, nikaenda kula.

Ngoja kwanza nieleze hiyo 1968, maana ndo iliyoniponza. Intel, watengenezaji wa prosesa, ilianzishwa tarehe 18 Julai 1968, na wenyewe waliamua kuziandika draiva zao za chipseti, zile chipu za ubaoni, tarehe hiyo hiyo makusudi kabisa, ili Windows ikilinganisha tarehe isije ikaiweka hiyo juu ya draiva nyingine iliyotengenezwa maalumu kwa kifaa fulani. Microsoft nao wana yao, draiva nyingi zinazokuja ndani ya Windows zimeandikwa tarehe 21 Juni 2006, hata kama zimeguswa juzi, kwa sababu ile ile, zile za mtengenezaji wa kifaa ziweze kuzishinda. Kwa hiyo mtu anayesoma tarehe ya draiva kama anasoma tarehe ya kuisha muda kwenye paketi ya maziwa atapotea, nami nilipotea, na ile programu ya kijani nadhani nayo ilikuwa inasoma hivyo hivyo.

Niliporudi kutoka kula kila kitu kilionekana poa. Kompyuta ikaniomba niiristati, nikaahirisha, nikaizima kawaida jioni, nikaondoka zangu Dar na treni ya usiku. Hapa kuna kosa la pili ambalo wengi hatulijui: Windows 10 ukiizima kwa Shut down wakati ile Fast Startup imewashwa, haijizimi yote, inalaza sehemu ya ndani kabisa kwenye diski na kesho inaiamsha vile vile, wakati ukibonyeza Restart ndo inaanza upya kabisa. Ukiweka draiva halafu usiristati, hujaijaribu. Mi nilimwachia ma'mdogo kazi ya kuijaribu.

Saa moja na nusu asubuhi simu inaita.

"Shikamoo ma'mdogo."

"Marahaba baba. Kompyuta yako imeniharibikia."

Nilijua hapo hapo, jana ilikuwa kompyuta yake, leo imekuwa yangu. Akanieleza kwamba ilipowaka ikasema inaendelea na apdeti, ikajiristati yenyewe mara mbili, na sasa maandishi yamekuwa makubwa kama ya kitabu cha chekechea, intaneti hamna, na printa inaonekana ipo ila karatasi haitoki. Na mwalimu ameshakuja na flashi, mitihani ya kufunga mwaka, madarasa matatu, inatakiwa kesho. Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Wewe si ulisema unaipumzisha?" Sikumbuki kama nilitumia neno hilo ila sikubisha.

Nikapanda treni tena.

Kilichotokea kwenye printa ndo kilinifundisha draiva ni nini kuliko kozi yoyote niliyowahi kusoma. Hiyo LaserJet 1020 ilikuwa ya bei rahisi kwa sababu HP hawakuipa kumbukumbu ya kuhifadhi programu yake yenyewe. Ukiizima inasahau kila kitu. Asubuhi ukiiwasha, draiva iliyoko kwenye kompyuta ndiyo inayoipelekea programu yake kupitia waya wa USB, ndo printa inaamka na kujua kwamba yenyewe ni printa, na hata kuupanga ukurasa nukta kwa nukta inafanya kompyuta, printa inapokea tu na kuchoma wino. Sasa mi na kitufe changu cha kijani nilikuwa nimeiondoa draiva yake nikaiweka nyingine ya jumla jumla. Kwa hiyo kila asubuhi ingeamka haina akili. Taa inawaka, na hamna kingine.

Kufika pale jambo la kwanza nililokimbilia ni System Restore, nikijua nitarudisha mashine ilivyokuwa jana, nimemaliza, nakunywa soda. Ikaniambia hakuna hata pointi moja ya kurudia. Kwenye Windows 10 hiyo kitu mara nyingi inakuja imezimwa, na mi sikuwahi kuiwasha. Nikaenda kwenye kadi ya mtandao, bonyeza kulia, Properties, kichupo cha Driver, pale kuna kitufe cha Roll Back Driver cha kurudisha ile ya nyuma, kwenye grafiki kilikubali, maandishi yakarudi ukubwa wake wa kibinadamu na ma'mdogo akapumua, lakini kwenye mtandao kitufe kilikuwa kimefifia hakibonyezeki, maana ile programu ilikuwa imeifuta kabisa ya zamani.

Hapo ndo unakutana na lile jambo la kuku na yai. Draiva ya mtandao inapatikana mtandaoni, na mtandao haupo kwa sababu draiva haipo. Kama uko peke yako na kompyuta moja utalia. Kilichoniokoa ni simu, na hili naomba ulikumbuke hata ukisahau mengine yote: simu ya Android ukiichomeka kwa waya wa USB ukawasha ile tethering ya USB, yaani ya kuigawia kompyuta intaneti ya simu, Windows 10 inaichukua kama kadi ya mtandao bila kudai draiva yoyote ya ziada. Ukawa na bando, umetoka.

Halafu nikafanya kile ambacho ningefanya tangu jana kama ningekuwa na akili. Ndani ya Device Manager, kwenye kifaa kile chenye alama ya njano ukienda Properties, kichupo cha Details, ukachagua Hardware Ids, unapata mstari kama PCI\VEN_8086&DEV_1502. Ule mstari haudanganyi. VEN ni mtengenezaji na DEV ni kifaa chenyewe. 8086 ni Intel, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom. Hiyo 1502 ni kadi ya mtandao ya Intel inayoitwa 82579LM, ipo kwenye mashine nyingi sana za ofisi za miaka ile. Ukishajua hivyo huhitaji programu ya kukubahatishia, unaenda kwa mtengenezaji wa kompyuta yako, kwa Dell unaandika Service Tag yake ya herufi na namba, jumla saba, iliyobandikwa ubavuni, unachukua draiva ya kifaa kile na sio kingine. Ya printa nayo nikaichukua kwa HP wenyewe. Saa tisa alasiri karatasi ya kwanza ikatoka, Hisabati darasa la tano.

Baada ya siku ile nilijiuliza swali moja, hivi mi nilikuwa natafuta nini? Ile kompyuta ilikuwa inaprinti, inaingia mtandaoni, inacheza miziki ya Injili siku nzima. Hakukuwa na tatizo. Nilikuwa naitibu mashine isiyoumwa kwa sababu tu sikupenda tarehe zake.

Na kwenye kompyuta ya zamani, kwakweli, draiva mpya kabisa mara nyingi sio yako. Chukua hiyo grafiki ya ndani ya i5-2400, inaitwa HD Graphics 2000. Intel wenyewe waliishia Windows 8 kuitengenezea draiva, ile inayotumika kwenye Windows 10 inakuja kwa njia ya Windows Update na haitabadilika tena. Hakuna mpya zaidi ya hapo, yeyote anayekwambia anayo anakuuzia kitu kingine. NVIDIA, watengenezaji wa kadi za grafiki, nao ni vile vile, kadi za kizazi cha Fermi, zile GTX 400 na 500 ambazo bado zimejaa kwenye mashine za gemu za mtaani, ziliachwa kwenye draiva za tawi la 391 mwaka 2018, na za kizazi kilichofuata, Kepler, kwenye tawi la 470. Kwa kifaa kilichozeeka, draiva bora ni ile ya mwisho waliyoitengeneza wakati bado wanakijali. Tafuta hiyo, iweke, ihifadhi kwenye flashi, achana nayo.

Tena hata kwa vifaa vipya, wakubwa nao huteleza. Machi 2010 NVIDIA waliitoa draiva 196.75 halafu wakaiondoa haraka, maana ilikuwa inavuruga udhibiti wa feni, kadi inachemka wakati mtu anacheza gemu na feni haiongezi kasi. Draiva, programu tu, inachemsha kifaa cha hela nyingi. Na lile la 19 Julai 2024 kila mtu analikumbuka, viwanja vya ndege vimesimama, skrini za bluu kila mahali, Microsoft wakakadiria kompyuta milioni 8.5. Pale CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, hawakutuma hata draiva mpya, walituma faili dogo tu la taarifa, ila lilikuwa linasomwa na draiva yao inayokaa ndani kabisa kwenye moyo wa Windows, na kitu kikikosea mle ndani hakuna wa kukidaka, mashine nzima inaanguka. Programu ya kawaida ikikosea inafungwa peke yake. Draiva ikikosea inaondoka na nyumba yote.

Hizi za kebo sasa. Mafundi wa simu na wa madishi mtanielewa, zile kebo za USB kwenda siriali mnazoflashia dikoda. Nyingi zina chipu feki yenye jina la FTDI, kampuni inayotengeneza chipu halisi za kebo hizo. Mwaka 2014 ilikuja draiva ya FTDI wenyewe kupitia Windows Update ambayo ikikuta chipu feki inaiandikia namba ya utambulisho ya 0000, na baada ya hapo kompyuta haiitambui tena kebo yako, sio kompyuta hiyo tu, hata ya jirani. Watu wakapiga kelele, ikaondolewa. Kebo zenye chipu ya aina ya PL2303 nazo zina visa vyake, draiva mpya inagoma kwa kosa liitwalo Code 10 na ya zamani inakubali. Kwa hiyo kama unaishi na vifaa vya bei ya chini, na tuseme ukweli wengi wetu ndo tunaishi navyo, apdeti inaweza kukukuta na kifaa ambacho mtengenezaji hakitambui kama mtoto wake.

Siku hizi nafanyaje? Kwanza naangalia kama kuna sababu. Kifaa kina alama ya njano, au sauti inakatika, au nimebadilisha Windows, au kuna shimo la usalama limetangazwa kwenye draiva hiyo hiyo. Hamna sababu, siigusi. Na msinielewe vibaya, apdeti za usalama za Windows yenyewe naziacha ziingie, nazungumzia zile za draiva zinazokaa kwenye orodha ya hiari, zile hakuna aliyekulazimisha.

Kama sababu ipo, kabla ya kugusa chochote nachomeka flashi, naunda folda, nafungua ile dirisha jeusi la amri kama msimamizi, naandika pnputil /export-driver * D:\draiva (D hapo ni flashi yangu, draiva ni ile folda), na kila draiva isiyokuja na Windows inanakiliwa humo. Haimalizi hata dakika tano. Hii amri ningekuwa naijua Novemba ile ningekuwa sijapanda treni mara ya pili. Kurudisha ni pnputil /add-driver D:\draiva\*.inf /subdirs /install. Halafu nawasha System Protection kwenye diski C na kutengeneza pointi ya kurudia kwa mkono wangu, naipa jina ninalolielewa, sio "test", maana nimeshawahi kuwa na test nne.

Draiva ya mtandao inakaa kwenye flashi muda wote, hata kama siiapdeti. Hiyo ni kama kiberiti nyumbani.

Halafu moja, ristati, tumia mashine siku mbili, ndo nyingine. Najua inachosha. Lakini ukiweka kumi na saba kwa mpigo, na kitu kikaharibika, una washukiwa kumi na saba na hakuna shahidi. Ukiweka moja unajua nani. Ikishindikana hata kuwaka vizuri, shikilia Shift ubonyeze Restart uingie Safe Mode, kule Windows inawaka na draiva chache za msingi, unaitoa mbaya, unarudi. Kama kioo ni cheusi kabisa, izime kwa nguvu mara mbili tatu wakati inawaka, itakuletea yenyewe ukurasa wa kuitengeneza. Kwenye Windows 7 unabonyeza F8 wakati inawaka, na wenye Windows 7 mjue pia kwamba draiva zilizotoka tangu 2019 zinakuja na saini ya kidijitali ya aina ya SHA-2, kama hamkuweka ule msasisho wa kuitambua zitagoma na mtadhani faili ni bovu.

Kuna siku jirani wa ma'mdogo, mwenye saluni, aliniita akasema draiva za laptopu yake zimeharibika, kila tovuti inakataa kufunguka na kila kitu anachoinstoli kinaambiwa saini yake si halali. Nikaangalia saa pale pembeni, ilikuwa inasema Januari 2011. Betri ndogo ya ubaoni, ile CR2032 kama ya rimoti, ilikuwa imekufa, kila mashine ikikosa umeme kabisa, saa inarudi utotoni. Betri mpya, dakika kumi za kufungua skurubu, kwisha. Kwa hiyo kabla ya kulaumu draiva angalia saa.

BIOS, ile programu ya ubaoni inayoiamsha mashine kabla ya Windows, siigusi kwa udadisi. Hiyo ukianza kuiapdeti umeme ukikatika katikati, mashine inaweza isiwake tena milele, na mi sijui mtaa wenu ukoje ila wa kwetu umeme hauagi. Bila UPS, au laptopu yenye betri iliyojaa na chaja iko ukutani, usijaribu. Ila faili lake lishushe ulihifadhi, pamoja na draiva zote za mashine yako, kwa sababu watengenezaji nao wanafuta. Mwishoni mwa 2019 Intel walianza kuondoa faili za BIOS na draiva za bodi zao za zamani, mtu akaenda kutafuta akakuta ukurasa mtupu. Unaweza kuwa na kompyuta nzima na usipate cha kuiwekea.

Kuhusu ile ya ma'mdogo, Windows 10 iliishiwa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, ukijiandikisha kwenye ule mpango wa nyongeza unasogezwa mpaka 13 Oktoba 2026, na Windows 11 haiitaki i5-2400 kwa sababu inadai prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Kuna njia za kuilazimisha, nimeziona, lakini mashine ya kumlisha mtu siilazimishi. Nimeshajaribu Linux Mint, mfumo wa bure wa kukaa badala ya Windows, kwenye flashi bila kuinstoli, mtandao na grafiki vikaitika vyenyewe maana draiva za Intel zimo tayari ndani ya kerneli, moyo wa Linux, ile 1020 ndo ilitaka kubembelezwa, kule nako lazima upate faili la kuiamsha kila ukiiwasha. Ikakubali mwishoni. Ikaprinti ukurasa wa majaribio, ma'mdogo akauangalia, akauliza mbona Word imebadilika sura, nikamwambia sio Word hiyo, akasema basi irudishe.

Nikairudisha. Ubavuni mwa kompyuta kuna karatasi nimeibandika kwa selotepu, imeandikwa jina la kila kifaa, namba ya draiva yake na tarehe niliyoiweka, na chini yake ma'mdogo ameongeza kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wake mkubwa: USIGUSE BILA KUNIAMBIA. Flashi yenye draiva anaitunza yeye, kwenye droo ya hela. Juzi nilipokwenda niliomba anipe nikague kama bado inasoma, akaniuliza kwanza kuna nini, nikasema hamna kitu ma'mdogo, naangalia tu, akafunga droo.